Virginia Apgar, munganga wa dakika ya kwanza

Wandugu, kwenye karatasi ya mtoto aliyezaliwa munaona wameandika Apgar, na pembeni hesabu, tuseme 8 ao 9. Ile si jina la dawa. Ni jina la mama moja wa Marekani.

Virginia Apgar alizaliwa tarehe 7/6/1909 kule Westfield, New Jersey. Kaka yake mkubwa alikufa na kifua kikuu angali mtoto. Virginia akamaliza masomo ya uganga New York mwaka 1933. Alitaka kupasua wagonjwa, lakini mkubwa wake akamgeuza kwa kazi ya kuwalaza usingizi, juu wanawake wapasuaji walikosa kazi. Mwaka 1949 akakuwa profesa, mwanamke wa kwanza kufika ngazi ile kwenye skuli yake.

Kazi ile ilimuweka karibu na bamama wenye kuzaa. Akaona mtoto akitoka, macho yote yanabaki kwa mama. Mtoto aliyetoka bluu, bila kulia, aliweza kuachwa pembeni kama vile amekwisha kufa.

Na ile dakika ndiyo nguvu sana. Ndani ya tumbo mapafu yanajaa maji, oksijeni inapita kwa kitovu. Akitoka, maji yaondoke, hewa iingie, damu ibadilishe njia ndani ya moyo, mwili ujitafutie joto. Yote mara moja.

Mwaka 1952 Apgar akaonyesha kipimo chake, 1953 kikachapishwa. Ni mambo 5: mapigo ya moyo, kupumua, nguvu ya viungo, namna mtoto anajibu akiguswa, na rangi ya ngozi. Kila moja pointi 0, 1 ao 2. Yote pamoja 10. Wanapima dakika ya 1, kisha ya 5. Hakuna mashini ya bei: paka macho, masikio, mikono na saa.

Sisi watu wa mine tunaelewa. Mbele ya posta kuanza, tunagonga dari ya shimo na chuma na kusikiliza mlio. Hatusemi tu iko muzuri.

Apgar alikufa tarehe 7/8/1974. Kipimo chake kingali kinatumika.

Wababa, bibi akizaa, muulize hesabu ya mtoto, dakika ya 1 na ya 5. Kama ilikuwa chini, muulize walimsaidia namna gani. Si kusumbua waganga. Mtoto wa dakika moja hana delege wa kumsemea. Delege wake ni sisi wazazi.