IBN NAFIS: FAQIHI WA KISHAFII ALIYELELEWA WODINI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.



Mwaka huu katika ukurasa wa maisha ya waliotangulia tumemchagua tabibu, na sababu yake ni hii. Kijana mmoja aliyesoma hapa madrasa kabla ya kwenda kusomea utabibu alirudi Horohoro likizo, akatujia baada ya Swala ya Alasiri. Alisema ameanza mafunzo ya wodini na yamemshinda. Alfajiri yuko kwa wagonjwa, mchana anaulizwa maswali mbele ya wenzake akakosea, usiku ana zamu, na kitabu cha fiqhi alichotoka nacho nyumbani hakijafunguliwa tangu aondoke. Alifikiria kuacha. Baadhi ya wazee walikwisha mwambia kuwa mtu mmoja hawezi kushika elimu mbili. Sisi tukamsimulia habari za Ibn Nafis.

KUSOMA KWAKE

Jina lake ni Alaud-Din Ali bin Abil-Hazm al-Qarshi, maarufu kwa jina la Ibn Nafis. Alizaliwa karibu na Damascus, katika nchi ya Sham, mnamo mwaka 607 H, sawa na takriban 1210. Alisoma elimu za dini na lugha ya Kiarabu, na alisoma utabibu pia.

Katika mji wa Damascus kulikuwa na hospitali iliyoitwa Nuri, iliyojengwa mwaka 1154 na Sultani Nurud-Din Mahmud Zangi. Iliendeshwa kwa mali ya wakfu. Watumishi wake waliandika daftarini majina ya wagonjwa na gharama za dawa na chakula chao, na matabibu walifika mapema kila asubuhi kuwaangalia wagonjwa na kuamuru watengenezewe nini. Jengo lake lipo hadi leo.

Ibn Nafis anatajwa kuwa miongoni mwa wanafunzi wa tabibu mkuu wa hapo, Muhadhdhabud-Din, aliyejulikana kwa jina la ad-Dakhwar. Mwanafunzi mwingine wa mwalimu huyo, Ibn Abi Usaybia, ameandika jinsi walivyofundishwa. Wanafunzi waliwafuata matabibu kitanda hadi kitanda. Ad-Dakhwar alizunguka pamoja na tabibu wa Kiyahudi aitwaye Imran, wakijadiliana mbele ya wanafunzi juu ya maradhi na dawa zake. Kazi ya hospitali ikiisha, darsa lilihamia nyumbani kwa mwalimu. Kila mmoja alisoma kwa zamu yake, na mwalimu akimsahihisha palipokosewa. Yeye mwenyewe alipotia shaka katika neno, alifungua vitabu vya lugha vilivyokuwa mbele yake.

Hapo tulimwambia yule kijana atazame vizuri. Kuulizwa mbele ya wenzako na kusahihishwa si uonevu, bali ndiyo njia waliyolelewa nayo matabibu wakubwa. Hata sisi hapa madrasa hatukuijua Qur'ani kwa kusifiwa. Tuliijua kwa kurudishwa nyuma kila tulipokosea herufi.

ELIMU MBILI KATIKA KIFUA KIMOJA

Baadaye Ibn Nafis alihamia Cairo, nchini Misri. Huko alipanda hadi akawa mkuu wa matabibu. Wakati huo huo alifundisha fiqhi ya madhehebu ya Imam Shafii, yaani madhehebu yetu sisi watu wa pwani, katika madrasa ya Masruriyya. Imam Tajud-Din as-Subki alimtaja katika kitabu chake cha matabaka ya wanazuoni wa Kishafii. Basi anayesema kuwa wodi na darsa havikai pamoja, ajibiwe kwa mtu huyu.

Mwaka 1242, akiwa na umri wa miaka thelathini na kidogo, aliandika sharhi ya sehemu ya maumbile ya mwili katika kitabu cha Ibn Sina, Al-Qanun. Kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu walikuwa wakimfuata Galen wa Uyunani, aliyesema kuwa damu hutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kwa kupenya vitundu visivyoonekana katika ukuta wa kati. Ibn Sina naye aliifuata kauli hiyo. Ibn Nafis akasema ukuta ule ni mnene na hauna tundu. Damu hutoka upande wa kulia, hupita mapafuni ikachanganyika na hewa, kisha hurudi upande wa kushoto. Njia hiyo ya damu kupitia mapafuni ndiyo inayofundishwa leo katika vyuo vya afya.

Tuangalie adabu yake. Hakuwatukana waliomtangulia, bali alisherehesha kitabu cha Ibn Sina kwa heshima, na palipokuwa na kosa akalieleza kwa hoja. Watu wa baadaye waliisahau kauli yake hiyo, mpaka mwaka 1924 tabibu wa Kimisri, Muhyid-Din at-Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani, alipoikuta katika mswada wa zamani.

Inasimuliwa kuwa siku moja alikuwa hamamuni akioga. Likamjia jambo kuhusu mapigo ya mshipa, akatoka, akaitisha kalamu na karatasi, akaandika mpaka akamaliza, ndipo akarudi kuoga. Alikusudia kuandika kitabu kimoja cha utabibu cha juzuu 300, na akawahi kukamilisha juzuu 80.

KUFARIKI KWAKE

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kidogo kama dawa. Alikataa, kwani hakutaka kukutana na Mola wake na ulevi tumboni mwake. Alifariki alfajiri ya Ijumaa, mwezi 21 Dhul-Qaada 687 H, sawa na tarehe 17 Desemba 1288. Nyumba yake na vitabu vyake aliviacha wakfu kwa hospitali ya Mansuri ya Cairo, iliyojengwa na Sultani Qalawun mwaka 1284.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, uchovu wa kujifunza kuhudumia wagonjwa si dalili ya kushindwa. Pili, ulichokiona asubuhi kwa mgonjwa kisome jioni kitabuni, hata ukurasa mmoja, na kitabu cha fiqhi nacho kipate ukurasa wake. Tatu, ukikosolewa mbele ya watu, shika sahihisho na uache aibu ipite. Nne, kwenu wazazi: mtoto akirudi amechoka, mpeni chakula, alale, kisha mumwombee dua. Msiwe wa kwanza kumwambia aache.

Yule kijana alirudi chuoni likizo ilipokwisha. Hakutuahidi kitu, nasi hatukumdai ahadi. Alituomba tu tumwazime kitabu kidogo cha fiqhi kinachoingia mfuko wa koti, tukampa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn Nafis, awape nguvu vijana wetu walioko wodini, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.