John Boyd Dunlop: Daktari wa mifugo aliyetia upepo kwenye tairi

Watu wengi wenye magari huweka pampu ndogo ya baiskeli kwenye buti, karibu na jeki na spana. Tairi likiishiwa upepo mbali na fundi, pampu hiyo ndiyo huamua kama safari itaendelea au la. Miaka 140 iliyopita kifaa hicho kisingekuwa na kazi yoyote, kwa sababu baiskeli zilitembelea mpira mgumu usio na upepo ndani.

Mtu anayehusishwa zaidi na mabadiliko hayo hakuwa mhandisi wala fundi wa magurudumu. Alikuwa daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop. Jina lake bado limeandikwa kwenye matairi duniani kote, lakini maisha yake yanaonyesha kuwa jina kubwa na faida kubwa si lazima viende kwa mtu mmoja.

Kutoka shamba la Scotland hadi Belfast

Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, kusini magharibi mwa Scotland, katika familia ya wakulima. Alisomea udaktari wa mifugo mjini Edinburgh na akafuzu akiwa bado kijana mdogo. Baada ya kufanya kazi nyumbani kwa karibu miaka 10, mwaka 1867 alivuka bahari na kuhamia Ireland. Kwanza alikaa Downpatrick, kisha akahamia Belfast.

Kazi yake ilistawi. Kufikia miaka ya 1880, kituo chake cha kutibu wanyama katika mtaa wa May kilikuwa miongoni mwa vikubwa nchini Ireland. Wakati huo farasi ndiye aliyebeba watu na mizigo mjini, hivyo daktari wa mifugo hakukosa wateja. Katika kazi hiyo Dunlop alizoea pia kushika mpira na kujitengenezea vifaa vya mpira kwa mikono yake.

Baiskeli ya mtoto na pampu ya mpira wa miguu

Barabara za Belfast zilikuwa zimetandikwa mawe, na reli za tramu zilipita katikati yake. Mwana wa Dunlop, Johnny, alikuwa na baiskeli ndogo ya magurudumu matatu. Kila alipoiendesha ilimtikisa vibaya, na mtoto akawa analalamika.

Mwishoni mwa mwaka 1887 baba yake alianza majaribio. Alichukua duara la ubao, akalizungushia bomba la mpira mwembamba, akalifunika kwa kitambaa na kulijaza upepo. Inasimuliwa kuwa alitumia pampu ya kujazia mpira wa miguu, kwani pampu ya baiskeli ilikuwa haijakuwepo. Kisha uani kwake akalisukuma duara hilo, na pia akasukuma gurudumu la kawaida kutoka kwenye baiskeli ya mwanawe. Gurudumu la kawaida liliyumba na kuanguka kabla ya kufika mwisho wa ua. Lile lenye upepo liliendelea hadi likagonga nguzo ya lango na kudunda.

Matokeo hayo yalimwambia jambo ambalo hakulitarajia. Alikuwa akitafuta starehe ya mtoto, akapata mwendo. Tairi gumu likigonga jiwe huinua baiskeli nzima, na nguvu ya mpanda baiskeli hupotea katika kuruka huko. Tairi lenye upepo hubonyea pale lilipogonga, kisha hurudi katika umbo lake, huku baiskeli ikiendelea mbele. Februari 1888 Johnny alipanda baiskeli yake ikiwa na matairi mapya. Tarehe 7 Desemba mwaka huo Dunlop alipewa hataza, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi.

Mbio zilizowanyamazisha waliocheka

Matairi hayo yalikuwa manene na yalionekana kama kichekesho. Willie Hume, nahodha wa klabu ya waendesha baiskeli ya Belfast, aliamua kuyajaribu. Tarehe 18 Mei 1889 alishiriki mashindano katika viwanja vya Queen's College mjini humo na kushinda mbio zote 4 alizoingia. Muda mfupi baadaye alivuka hadi Liverpool, Uingereza, na huko pia akashinda karibu mbio zote.

Miongoni mwa walioshindwa Belfast walikuwa wana wa Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin aliyekuwa rais wa chama cha waendesha baiskeli cha Ireland. Du Cros aliona fursa. Mwaka huohuo wa 1889 yeye na Dunlop walianzisha kampuni mjini Dublin ya kutengeneza na kuuza matairi ya upepo. Dunlop aliikabidhi kampuni hataza yake na kupata hisa.

Hataza iliyobatilika

Hapo ndipo pigo lilipotokea. Mwaka 1890 Dunlop aliarifiwa kuwa hataza yake si halali. Mskoti mwenzake, mhandisi Robert William Thomson, alikuwa amesajili wazo hilohilo nchini Uingereza mwaka 1845, kisha Ufaransa na Marekani. Thomson alilitumia kwenye magari ya kukokotwa na farasi, na majaribio yalifanyika London mwaka 1847. Dunlop alilifikia wazo hilo mwenyewe, lakini sheria ilimtambua aliyetangulia.

Kwa nini basi dunia ilimsahau Thomson na kumkumbuka Dunlop? Sababu kubwa ni wakati. Katika miaka ya 1840 mpira ulikuwa ghali, na hapakuwa na chombo kilichohitaji sana tairi la upepo. Lakini mwaka 1885 John Kemp Starley alitoa baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, yaani umbo la baiskeli tunazozijua leo. Watu wa kawaida walianza kupanda baiskeli, na mtikisiko ukawa kero ya wengi. Wazo la Thomson lilikuwa limefika mapema mno. La Dunlop lilikuta mteja anasubiri.

Kampuni ilinusurika kwa kununua haki za watu wengine. Muhimu zaidi ilikuwa hataza ya Charles Kingston Welch ya mwaka 1890, ya tairi lenye waya ukingoni linaloshika rimu na linaloweza kutolewa. Kabla ya hapo tairi lilibandikwa kwa gundi, na kuziba pancha moja kulichukua saa nyingi. Nchini Ufaransa ndugu wawili wa familia ya Michelin nao walitatua tatizo hilo kwa njia yao mwaka 1891.

Mpira ulitoka wapi?

Mafanikio hayo yalikuwa na upande wa giza, na upande huo uko barani Afrika. Matairi yaliongeza ghafla mahitaji ya mpira. Katika Dola Huru ya Congo, iliyokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908, wanakijiji walilazimishwa kuingia msituni kukamua utomvu wa mimea itambaayo. Walioshindwa kufikisha kiasi walichopangiwa walichapwa viboko, wake zao walishikwa mateka, vijiji vilichomwa moto, na watu wengi walikatwa mikono. Ripoti ya mwaka 1904 ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza aliyezaliwa Dublin, ilisaidia kuufichua ukatili huo.

Dunlop hakuuagiza ukatili huo. Lakini historia ya tairi haikamiliki bila watu hao, ambao wengi wao hawakuwahi kupanda baiskeli. Baadaye mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki, hasa Malaya, yalichukua nafasi ya mpira wa msituni.

Jina bila utajiri

Mwaka 1895 Dunlop alijiondoa katika kampuni na kuuza hisa zake. Mwaka uliofuata, 1896, du Cros aliiuza kampuni kwa mfanyabiashara Terah Hooley kwa pauni milioni 3, na Hooley akaiuza tena kwa umma kwa pauni milioni 5. Kwa fedha za wakati ule, huo ulikuwa utajiri wa kutisha. Mtu ambaye jina lake liliuza matairi hayo hakuwemo kwenye mgao.

Dunlop aliishi Dublin kwa utulivu, akiwa na maslahi katika biashara ya nguo. Alifariki huko tarehe 23 Oktoba 1921 akiwa na umri wa miaka 81, na akazikwa katika makaburi ya Deansgrange. Miaka mingi baadaye picha yake iliwekwa kwenye noti ya pauni 10 ya benki moja ya Ireland ya Kaskazini.

Hata valvu inayoitwa kwa jina lake si yake. Ilibuniwa mwaka 1891 na mtu aitwaye Woods, ndiyo maana wengine huiita valvu ya Woods. Hiyo ndiyo ile yenye kijimpira chembamba ndani na nati ya kukaza juu, inayojulikana sana kwa mafundi wa baiskeli za mizigo Afrika Mashariki. Kijimpira kikichoka, upepo huvuja hata kama tairi halina tundu.

Pampu gani ya kuweka kwenye gari?

Kumbukumbu hiyo ya valvu ina faida kwa anayenunua pampu leo. Jambo la kwanza si rangi wala udogo, bali valvu ya baiskeli yako. Ziko aina tatu za kawaida: hiyo ya Dunlop, ya Schrader ambayo ni sawa na ya gari, na ya Presta, nyembamba, inayopatikana zaidi kwenye baiskeli za mashindano. Mashine ndogo za umeme zinazochomekwa kwenye gari kwa kawaida hutengenezwa kwa ajili ya Schrader. Kwa valvu ya Dunlop utahitaji adapta, na pampu ya Presta kwa kawaida huishika pia.

Jambo la pili ni unene wa silinda. Pampu nyembamba hufikisha upepo mkali bila kuhitaji nguvu nyingi, lakini itabidi usukume mara nyingi. Pampu nene hujaza haraka, ila huwa nzito mkononi tairi linapokaribia kujaa. Kwa tairi jembamba la mashindano chagua ya kwanza, na kwa tairi pana chagua ya pili.

Jambo la tatu ni bomba la kuunganisha. Pampu inayoshikwa moja kwa moja kwenye valvu huiyumbisha kila unaposukuma, na valvu inaweza kung'oka kwenye tyubu. Bomba fupi linalonyumbulika huondoa hatari hiyo. Ikiwa na geji ni bora zaidi, kwa sababu kiwango cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi.

Kisha ijaribu nyumbani kabla ya safari, na uiweke mahali pasipo na jua kali, kwani mpira wa ndani ya pampu nao hukauka na kupasuka.