Charles Stratton, mtoto aliyeacha kukua akiwa na miezi sita

Mtoto akizaliwa na uzito mzuri, wengi wetu tunaona hakuna haja ya kuhangaika na mizani tena. Maisha ya Charles Stratton yanatuonyesha kwamba sivyo.

Stratton alizaliwa tarehe 4 Januari 1838 mjini Bridgeport, Marekani, akiwa na zaidi ya kilo 4. Wazazi wake walikuwa na kimo cha kawaida. Miezi sita ya kwanza alikua vizuri, kisha akasimama. Alipofika miaka 4 bado alikuwa na sentimita 64 hivi, ingawa akili yake ilikuwa nzima na viungo vyake vililingana.

Mwaka 1842 mfanyabiashara wa maonyesho, P. T. Barnum, alikubaliana na wazazi kumchukua kwa dola 3 kwa wiki. Akambandika jina la General Tom Thumb na kuutangazia umma kwamba ana miaka 11. Mtoto huyo akafundishwa kuimba, kucheza na kuigiza wakubwa, huku watu wakilipa kumtazama. Mwaka 1844 alifika mbele ya Malkia Victoria wa Uingereza. Alitajirika, na Barnum alipofilisika, Stratton ndiye aliyemsaidia.

Mwaka 1863 alimwoa Lavinia Warren, naye mfupi, na Rais Lincoln akawapokea Ikulu. Kimo chake kiliongezeka polepole hadi mita 1 hivi. Alifariki kwa kiharusi tarehe 15 Julai 1883, akiwa na miaka 45.

Wakati ule hakukuwa na tiba. Leo inadhaniwa kwamba tezi iliyo chini ya ubongo haikutoa homoni ya ukuaji ya kutosha. Mtoto mwenye tatizo hilo sasa hutibiwa kwa sindano za homoni hiyo, lakini lazima aanze mapema, mifupa ikiwa bado inakua.

Hapa kwetu watoto wengi hudumaa kwa sababu ya lishe duni na kuugua mara kwa mara, si tezi. Hata hivyo dalili ni ileile: mstari kwenye kadi ya kliniki unalala badala ya kupanda. Basi tusiache kliniki chanjo zikiisha. Tuombe mtoto apimwe urefu pamoja na uzito, na mstari ukilala tumuulize muuguzi siku hiyohiyo. Na aliye mfupi tayari tusimfanye kichekesho. Ni mtoto kama wenzake, apelekwe shule.