Robert Smalls: Rubani aliyeiteka meli, kisha akaporwa kura

Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Novemba, Wamarekani huchagua upya wajumbe wote 435 wa Baraza lao la Wawakilishi. Sisi tunaoishi ugenini huwa tunakesha mbele ya televisheni tukitazama ramani za kila jimbo zikibadilika rangi, hapa nyekundu, pale buluu. Ndugu msomaji, ukiitazama ramani hiyo kwa makini utaona jambo la ajabu. Baadhi ya wilaya za uchaguzi ni za mraba kama kiwanja cha mpira, lakini nyengine zimepinda na kujikunja kama utumbo wa mbuzi. Nani aliyezichora hivyo, na kwa faida ya nani?

Jibu lake tunaweza kulipata katika maisha ya mtu mmoja aliyefariki dunia zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jina lake Robert Smalls, mtumwa aliyekuwa nahodha, nahodha aliyekuwa mbunge, na mbunge aliyenyang'anywa kiti si kwa bunduki peke yake bali kwa kalamu na ramani.

Smalls alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839 katika mji mdogo wa Beaufort, jimbo la South Carolina, katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba ya bwana wake, ukoo wa McKee. Mama yake, Bi Lydia Polite, alikuwa mtumwa wa nyumbani. Alipofika umri wa miaka 12 alipelekwa Charleston kukodishwa. Alifanya kazi hotelini, akawasha taa za barabarani, hatimaye akaangukia bandarini. Ujira wake ulikwenda kwa bwana. Yeye alikuwa akiachiwa dola moja kwa wiki.

Bandarini ndiko alikosomea. Alipakia na kupakua mizigo, akashona matanga, akafunga kamba, akashika usukani. Alizijua njia za maji na mafungu ya mchanga ya pwani ile kama mvuvi wa Nungwi anavyoujua mwamba wake. Kwa kazi aliyoifanya alikuwa rubani hasa, lakini jina hilo mtu mweusi hakupewa. Mwaka 1856 alimwoa Hannah Jones, naye mtumwa, mtumishi wa hotelini. Walipojaaliwa mtoto, Smalls alikwenda kwa bwana wa mkewe kuuliza bei ya kumkomboa mke na mtoto. Akaambiwa dola 800. Hesabu ilikuwa wazi. Kwa dola moja ya wiki angezeeka kabla hajamaliza kulipa, na wakati wowote wangeweza kuuzwa mbali naye.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, Smalls alitiwa katika meli iitwayo Planter, iliyokuwa ikibeba silaha na askari wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Mwezi Novemba mwaka huo majeshi ya Kaskazini yaliiteka Beaufort, mji wake wa uzawa. Kwa hiyo uhuru ulikuwa safari ya saa chache tu kwa bahari, ila katikati palikuwa na ngome zenye mizinga.

Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Mei 1862, maofisa watatu wazungu wa meli walishuka kwenda kulala mjini, kinyume na amri. Smalls na wenzake walikuwa wameshakula njama. Kabla ya alfajiri waliwasha moto, wakang'oa nanga, wakapitia gati jengine kuwachukua wake na watoto waliokuwa wamejificha. Smalls alivaa kofia ya nahodha, akasimama pale ambapo nahodha husimama, akapiga honi za ishara kila walipoipita ngome, ikiwamo ile ya Fort Sumter. Walinzi wakadhani ni safari ya kawaida. Walipokuwa nje ya masafa ya mizinga waliteremsha bendera ya Kusini na kupandisha shuka jeupe, wakaikabidhi meli pamoja na mizinga iliyokuwamo kwa manowari za Kaskazini. Smalls alikuwa na umri wa miaka 23.

Habari hiyo ilienea Marekani nzima. Kongresi ilipitisha sheria ya kuwapa yeye na wenzake zawadi, na fungu lake likawa dola 1,500. Mwezi Agosti mwaka huohuo alikwenda Washington pamoja na mchungaji Mansfield French kuonana na Waziri wa Vita, Edwin Stanton, na walirudi na ruhusa ya kuandikisha askari weusi hadi 5,000. Mwaka 1863 alikuwa rubani wa manowari ya chuma Keokuk ilipoishambulia Charleston ikapigwa zaidi ya mara 90 na kuzama siku ya pili yake. Mwezi Desemba, nahodha wa Planter alipotaharuki chini ya mashambulizi na kwenda kujificha, Smalls alishika usukani akaitoa meli salama. Baada ya hapo alifanywa nahodha wake.

Fedha ya zawadi aliifanyia nini? Alirudi Beaufort akanunua, katika mnada wa serikali wa nyumba zilizodaiwa kodi, nyumba ileile ambayo alizaliwa kibandani nyuma yake. Upande wa wenye mali ya zamani ulimshitaki, kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi, na Smalls akashinda. Mama yake aliyeitumikia nyumba ile akaishi humo kama mama mwenye nyumba.

Mwaka 1868 alikuwa mmoja wa wajumbe walioandika katiba mpya ya South Carolina. Yeye aliyenyimwa skuli utotoni, aliyejifunza kusoma ukubwani, alisimama kidete kutetea skuli za serikali za bure kwa watoto wote, weusi na weupe. Akaingia katika bunge la jimbo, na mwaka 1874 akachaguliwa kuingia Kongresi. Hapo ndipo safari ngumu kuliko ile ya usiku wa Charleston ilipoanza.

Ni vizuri tukaeleza hesabu yenyewe. Kwa sensa ya mwaka 1880, South Carolina ilikuwa na watu karibu 995,000, na katika hao zaidi ya 600,000 walikuwa weusi. Yaani katika kila watu watano, watatu ni weusi. Kwa kura huru na mipaka ya haki, chama cha Republican cha wakati ule, ambacho ndicho weusi walichokifuata kwa kuwa ni chama cha Abraham Lincoln, kingechukua viti vingi. Chama cha Democratic cha wakati ule, kilichokuwa chama cha mabwana wa zamani, kiliijua hesabu hiyo. Basi kikaishughulikia hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ilikuwa vitisho. Mwaka 1876 makundi ya wapanda farasi waliovaa mashati mekundu yalizunguka vijijini na bunduki, na mwezi Julai weusi waliuawa katika mji wa Hamburg. Smalls alinusurika kwa tofauti ndogo ya kura dhidi ya George Tillman. Mwaka 1878 mkutano wake wa kampeni huko Gillisonville ulizingirwa na watu wenye silaha, ikabidi ajifungie dukani mpaka wafuasi wake walipojaa kumwokoa. Uchaguzi huo alishindwa.

Hatua ya pili ilikuwa mahakama. Mwaka 1877 alishitakiwa kwamba alipokuwa katika seneti ya jimbo alipokea rushwa ya dola 5,000 katika mkataba wa uchapaji. Akahukumiwa miaka mitatu. Alikaa ndani siku chache akatoka kwa rufaa, na mwaka 1879 gavana alimsamehe katika makubaliano yaliyofuta pia mashitaka ya watu wa Democratic waliotuhumiwa kuvuruga uchaguzi. Mwenye kutoa msamaha wa namna hiyo huonesha mwenyewe kesi ilikuwa ya nini. Hata hivyo doa lilibaki, na wapinzani wake hawakuacha kulitumia.

Mwaka 1880 Tillman alitangazwa tena mshindi. Smalls alipeleka malalamiko Kongresi na ushahidi wa vitisho na kura zilizochezewa. Kongresi ilimpa haki yake tarehe 19 Julai 1882, wakati muhula wenyewe ulibakisha miezi tu. Haki iliyocheleweshwa namna hiyo tunaijua sisi, maana na kwetu kesi za uchaguzi zimeshawahi kumalizika huku muhula umeliwa.

Hatua ya tatu ndiyo tunayoiona kubwa kuliko zote, kwa sababu haikuhitaji kumwaga damu. Mwaka 1882 bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyotaka watu wajiandikishe upya, na siku ya kura pawe na masanduku mbalimbali, kila cheo na sanduku lake. Karatasi ikitiwa katika sanduku lisilo lake, imeharibika. Mtu aliyenyimwa kusoma tangu kuzaliwa angelijuaje sanduku la mbunge na lile la gavana? Na alipokaririshwa mpangilio na mwenzake, wasimamizi waliweza kuyahamisha masanduku.

Mwaka huohuo ramani ikachorwa upya. Jimbo lilikuwa limeongezewa viti hadi kufikia saba. Wachoraji walizikata kaunti vipande, wakazizoa sehemu zenye weusi wengi za pwani na za bara na kuzifunga katika wilaya moja, ya saba, iliyojinyoosha na kupinda kusikokuwa na mantiki. Weusi walikuwa zaidi ya asilimia 80 humo. Wapumbavu wangesema weusi wamependelewa, wamepewa kiti chao. Kumbe wamepewa kimoja ili wanyimwe vilivyobaki. Ukizirundika kura zote za mpinzani wako katika kapu moja, atashinda kapu hilo kwa kishindo, na wewe utachukua makapu sita kwa raha zako. Ndivyo ilivyokuwa: uchaguzi wa 1882 Democratic walichukua viti sita kati ya saba.

Hata kile kimoja kikawa cha kugombewa na ndugu. Mwaka 1882 chama kilimteua Edmund Mackey, Republican mzungu, badala ya Smalls. Mackey alipofariki mwaka 1884, Smalls alikijaza kiti hicho, akachaguliwa tena mwishoni mwa mwaka. Mwaka 1886 William Elliott wa Democratic alitangazwa mshindi ndani ya wilaya hiyohiyo iliyojaa weusi. Safari hii malalamiko ya Smalls hayakusikilizwa. Hakurudi tena Kongresi.

Pigo la mwisho lilikuwa mwaka 1895. Benjamin Tillman, ndugu yake George, aliitisha mkutano wa kuandika katiba mpya ambayo lengo lake halikufichwa: kumwondoa mweusi katika daftari la kura kwa masharti ya kusoma, kuielewa katiba kwa maoni ya msimamizi, au kumiliki mali ya dola 300. Wajumbe walikuwa 160. Weusi walikuwa sita tu, na Smalls alikuwa mmoja wao. Alisimama akaitetea heshima ya watu wake mbele ya ukumbi uliokwisha kuamua. Alipotakiwa kutia saini, alikataa, na akawa tayari kuikosa hata posho yake.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa ukusanyaji wa ushuru wa forodha katika bandari ya Beaufort, kazi aliyoishika, kwa kukatizwa, hadi mwaka 1913. Alifariki tarehe 23 Februari 1915, katika nyumba ile aliyoinunua, akazikwa katika uwanja wa kanisa la Tabernacle Baptist hapohapo mjini.

Baada ya George Washington Murray kuondoka Kongresi mwaka 1897, South Carolina haikupeleka mjumbe mweusi mpaka James Clyburn alipoingia mwaka 1993. Ni miaka 96, na katika muda huo hakuna aliyeteka meli usiku ili kuizuia. Ilitosha ramani, daftari na sanduku.

Na mambo hayo hayajazikwa naye. Baada ya sensa ya 2020, jimbo lile lilichora upya wilaya ya kwanza, ambayo mji wa Beaufort umo, na maelfu ya weusi wa Charleston wakahamishiwa wilaya nyengine. Mwezi Januari 2023 mahakama ya chini ilisema huo ni ubaguzi. Mwezi Mei 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, iliutengua uamuzi huo ikisema haikuthibitishwa kuwa rangi ndiyo iliyotumika na si chama. Mwaka 2023 jeshi la majini liliipa manowari jina la Robert Smalls, baada ya kulifuta jina la zamani lililotokana na ushindi wa Kusini. Jina limepanda melini, lakini ugomvi wa mipaka uko palepale.

Wasomaji wetu wa Visiwani hawatauona mgeni mkasa huu. Mwezi Julai 1963 Zanzibar, chama cha ASP kilipata asilimia 54 ya kura zote na viti 13 tu kati ya 31. Hatuyataji haya ili kufukua makaburi, wala hatusemi Zanzibar ni South Carolina. Tunayataja kwa kuwa kila penye uchaguzi wa viti, kura inahesabiwa mara mbili: mara ya kwanza na mwenye kuchora mpaka, mara ya pili na mwenye kufungua sanduku. Sisi tulio mbali na nyumbani, ambao hata daftari hatumo, hupiga kelele siku ya matokeo. Smalls angetwambia tuwe macho siku ile kalamu inapogusa ramani, maana rubani hangoji mpaka meli imepanda mwamba ndipo aulize njia.