Alan Griffith: Mhandisi aliyefichua siri ya udhaifu wa kioo

WAHENGA walituonya kuwa ufa usiozibwa mapema humgharimu mtu ukuta mzima. Mhandisi Mwingereza, Alan Arnold Griffith, ndiye aliyeithibitisha hekima hiyo kwa hesabu.

Alizaliwa jijini London mnamo Juni 13, 1893 na kusomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Liverpool. Mwaka wa 1915, Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, aliajiriwa katika kiwanda cha ndege cha serikali mjini Farnborough.

Huko alikabiliana na swali zito: kwa nini mkwaruzo mdogo tu hupunguza mno uwezo wa chuma kustahimili mzigo? Ili apate jibu, Griffith alikiweka chuma kando na kuchagua kioo, ambacho hukatika ghafla bila kupinda.

Alikiyeyusha kioo na kukivuta kuwa nyuzi. Uzi wenye unene wa milimita 1 ulikatika upesi. Lakini kadiri alivyozidi kuvuta nyuzi nyembamba, ndivyo nguvu zake zilivyozidi kuongezeka kwa kila kipimo cha unene. Ule uliokuwa mwembamba kuliko zote, mwembamba kuliko unywele, ulistahimili mkazo wa karibu mara 20 zaidi ya ule mnene.

Katika makala yaliyochapishwa na chama cha wanasayansi cha Royal Society mwaka wa 1921, Griffith alieleza kuwa kioo chenyewe si dhaifu. Kinachokiponza ni nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Kioo kinapovutwa, mkazo wote hurundikana kwenye ncha ya ufa, nao ufa hukimbia pindi nishati inayofunguliwa inapozidi ile inayohitajika kuutanua. Ufa ukirefuka mara nne, nguvu za kioo hupungua kwa nusu. Uzi mwembamba hauna nafasi ya kuficha ufa mkubwa.

Hata hivyo, bingwa huyu naye alikuwa na upungufu wake. Mnamo 1929, kijana Frank Whittle alipowasilisha wazo la injini ya jeti, Griffith aliyeombwa kulikagua aliona haliwezi kutekelezeka. Whittle alilazimika kusonga mbele bila msaada wa serikali kwa miaka kadhaa. Ajabu ni kwamba Griffith mwenyewe alikuwa ameandika kuhusu injini za aina hiyo mwaka wa 1926, na baada ya kujiunga na kampuni ya Rolls-Royce mnamo 1939, alichangia pakubwa kuziendeleza.

Aliaga dunia Oktoba 13, 1963 akiwa na umri wa miaka 70. Miaka mitatu baadaye, Charles Kao na George Hockham walionyesha kuwa kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kusafirisha mawasiliano kwa mwanga hadi mbali. Hapo ndipo nyaya za faiba zilipoanza kuundwa, na kanuni ya Griffith ikapata kazi mpya.

Uzi wa faiba una unene wa milimita 0.125 pekee. Chembe moja ya vumbi ikiugusa ungali moto, au uchafu ukibaki ndani ya kioo, huzaa ufa, nao unyevu huurefusha ufa huo polepole. Ndiyo sababu viwandani uzi hupakwa plastiki mara tu unapovutwa, kabla ya kuguswa na chochote. Kisha wote huvutwa kwa nguvu maalumu, ili sehemu yenye ufa mkubwa ikatikie kiwandani badala ya kukatikia chini ya bahari.

Nyaya za TEAMS na SEACOM zilizofika Mombasa mwaka wa 2009 zilijengwa kwa nyuzi za aina hiyo. Griffith hakuishi kuziona, lakini ujumbe unaovuka bahari kupitia kwazo hutegemea somo alilolipata kwa kukata vijiuzi vya kioo: kwamba nguvu za kitu hupimwa kwa kasoro yake iliyo kubwa zaidi.