Padri Gregor Mendel na Njegere Zake

Gregor Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, katika milki ya Kaisari wa Austria. Siku hizi kijiji hicho kimo katika nchi ya Cheki. Jina lake la ubatizo lilikuwa Johann. Baba yake alikuwa mkulima, naye alimfundisha mtoto kazi ya bustani.

Mwaka 1838 gogo lilimwangukia baba, likamwumiza vibaya. Tangu hapo hakuweza kazi nzito, na fedha za shule zikakosekana. Mara nyingi Johann alishinda na njaa. Ndipo dada yake mdogo, Theresia, akatoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya arusi yake, ili kaka yake asome. Haikuwa zawadi ndogo, maana katika nchi ile bibi arusi ndiye aliyekwenda na mali kwa mumewe.

Mwaka 1843 Johann aliingia monasteri ya watawa wa Mtakatifu Augustino mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Mwaka 1847 akapata upadri. Alipenda sana kufundisha, lakini mwaka 1850 akashindwa mtihani wa ualimu. Wakubwa wake hawakumkatia tamaa. Wakampeleka Vienna kujifunza hesabu na elimu ya viumbe.

Mwaka 1856 alianza kazi yake kubwa katika bustani ya monasteri. Njegere nyingine zina mbegu za manjano, nyingine za kijani. Padri Mendel alichukua unga wa maua ya aina moja, akautia katika maua ya aina ya pili. Mbegu zilizozaliwa zilikuwa za manjano zote. Je, kijani imekufa? Akazipanda mbegu zile, akangoja mavuno. Alipopasua maganda, kijani imerudi! Akahesabu mbegu 8023: za manjano 6022, za kijani 2001. Yaani karibu moja katika kila nne.

Basi akafahamu kwamba kila mbegu hupokea fungu moja la urithi kwa baba na jingine kwa mama. Fungu la manjano hulificha la kijani, lakini haliliui. Na fungu lipi lipokewe, ni bahati tu. Kama mtoto aliyefumba macho anavyotia mkono kapuni, akatoa kunde nyeupe au nyekundu.

Lakini bahati ni kigeugeu mahali penye vitu vichache. Mche mmoja ulizaa mbegu 32 za manjano na moja tu ya kijani. Mwingine ulizaa 20 za manjano na 19 za kijani! Kama angalihesabu mche mmoja tu, angalipotea. Kwa hiyo alipanda miche ipatayo 28 000 kwa miaka minane.

Sasa fikirini mkulima mwenye mbegu tatu tu za manjano. Huenda hata moja isiwe na fungu la kijani lililofichwa. Akizipanda mbali na njegere nyingine, kijani imepotea katika shamba lake. Haikuwa dhaifu wala mbaya, imekosa bahati. Mtaalamu wa Marekani, Sewall Wright, alieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1931.

Hata watu hupatwa nalo. Katika kisiwa cha Pingelap, bahari ya Pasifiki, tufani ya karne ya 18 ilibakiza watu kama 20 tu. Yasemekana mmoja wao alificha fungu la ugonjwa wa macho. Wajukuu walipoongezeka, wengi kuliko mahali pengine walizaliwa bila kuweza kuona rangi.

Mwaka 1865 Padri Mendel aliwasomea wataalamu wa Brno habari za njegere zake, zikapigwa chapa mwaka 1866. Wachache walizijali. Mwaka 1868 akachaguliwa abati, mkubwa wa monasteri, na kazi nyingi zikamtoa bustanini. Theresia hakumsahau: aliwasaidia wanawe watatu katika masomo yao.

Alikufa tarehe 6 Januari 1884. Mwaka 1900 wataalamu watatu, kila mmoja peke yake, walivumbua sheria zile zile. Walipotafuta katika vitabu vya zamani, wakakuta mtawa wa Brno amewatangulia kwa miaka 34.