Frank Humplink: Sauti ya Moshi iliyovunjwa ikabaki

Na Mwandishi Wetu, Moshi

SANTURI za zamani zikianguka zilikuwa zinavunjika vipande vipande. Wenye gramafoni wa Moshi katika miaka ya 1950 walilijua hilo, ndiyo maana walizishika kwa uangalifu kama watu wanavyoshika vyombo vya udongo. Serikali ya kikoloni nayo ililijua, na ikalitumia pale ilipotaka kuzima wimbo mmoja wa takriban dakika tatu.

Mwenye wimbo huo ni marehemu Frank Joseph Humplink, mzaliwa wa Moshi, mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa aliyevuma pamoja na dada zake wawili, Thecla Clara na Maria Regina. Kwenye santuri kundi lao liliandikwa Frank and His Sisters, nao mashabiki wakaliita Frank na Dada Zake.

Si ajabu kijana anayepita leo kwenye mnara wa saa mjini Moshi asilijue jina hilo. Hata hivyo, kuna wakati ambapo jina hilo liliwanyima usingizi watu waliokuwa na bunduki, magereza na bendera ya Malkia.

Frank alizaliwa mwaka 1927, baba yake akiwa Mzungu na mama yake Mchagga. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza kwa dhamana ya Umoja wa Mataifa wa zamani, baada ya Ujerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Jamii ya wakati huo ilipangwa kwa rangi. Wazungu walikuwa juu, Waasia katikati na Waafrika chini, na kila kundi lilikuwa na shule zake na hospitali zake. Mtoto aliyezaliwa kwa damu mbili hakuwa na nafasi iliyo wazi katika mpango huo, kwani huku aliitwa chotara na kule alitazamwa kama mgeni.

Katika muziki, Frank alichagua upande wake bila kuhutubia. Aliimba kwa Kiswahili na kwa Kichagga, lugha za watu waliowekwa chini kabisa katika mpango ule.

Moshi aliyokulia ilikuwa mji wa kahawa. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1911, na wakulima wa mlimani walianza mapema kujipanga wenyewe. Mwaka 1925 kilianzishwa chama cha wakulima wazalendo wa Kilimanjaro, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU.

Baada ya Vita Kuu ya Pili bei ya kahawa ilipanda. Fedha zikaingia katika vihamba vya Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, na maisha yakaanza kubadilika. Nyumba za nyasi zikaanza kupisha nyumba za bati, baiskeli zikaongezeka, na kwa wenye uwezo likaja sanduku la gramafoni lililozungushwa kwa mkono.

Anayesikiliza muziki kwa simu leo hatapata kirahisi picha ya gramafoni hiyo. Haikuhitaji umeme. Mwenye nyumba alizungusha mkono wa chuma hadi springi ikaze, akaweka santuri, kisha akashusha sindano taratibu. Sahani ilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba wimbo mmoja wa takriban dakika tatu.

Santuri hizo zilitengenezwa kwa utomvu mgumu unaotokana na wadudu wa Bara la Asia, uliochanganywa na vumbi la mawe. Zilikuwa nzito na zenye kuvunjika haraka. Sindano ya chuma nayo ilikwaruza sahani kidogo kidogo kila ilipopita, hivyo kila starehe ilikuwa na gharama yake, na wimbo uliopendwa sana ndio uliochakaa upesi.

Waswahili walikuwa wameingia katika santuri kabla Frank hajaanza kuimba. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi taarabu kwa Kiswahili, na sauti yake ikafika mpaka bara. Baada ya vita, kampuni za Nairobi na za Afrika Kusini zikagundua kwamba soko la Afrika Mashariki lilikuwa na kiu ya nyimbo za kwake.

Miongoni mwa kampuni hizo ilikuwa Gallo ya Johannesburg, ile ile iliyorekodi wimbo wa Mbube wa Solomon Linda mwaka 1939. Kupitia lebo yake ya Gallotone, kampuni hiyo ilitoa pia muziki wa gitaa wa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa mwaka 1952. Lebo hiyo hiyo ndiyo iliyobeba sauti ya Frank na dada zake.

Muziki wao haukuwa wa makelele. Gitaa liliongoza, na sauti tatu za watoto wa nyumba moja zikapatana juu yake kama watu waliozoea kuimba pamoja tangu utoto. Chaupele Mpenzi ni wimbo wa mapenzi ambao wazee wengi nchini waliukariri. Mwanangu Lala ni wimbo wa kumbembeleza mtoto.

Mtu angeweza kudhani kwamba muziki wa namna hiyo usingeweza kumsumbua mtawala yeyote. Lakini wakati ule siasa ilikuwa imekwisha kufika mlimani.

Jirani na Kilimanjaro, mwaka 1951, Wameru walifukuzwa katika ardhi yao ili kuwapisha walowezi. Mwaka uliofuata mjumbe wao Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Oktoba 1952 Kenya ilitangazwa kuwa katika hali ya hatari kutokana na vita vya Mau Mau, na Wakikuyu waliokuwa wakiishi katika Jimbo la Kaskazini la Tanganyika wakaanza kukamatwa na kurudishwa kwao.

Julai 7, 1954 chama cha TANU kilianzishwa Dar es Salaam, na Joseph Kimalando wa Moshi alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Mwaka 1955 Gavana Edward Twining alileta Baraza la Kutunga Sheria ambalo Waafrika, Waasia na Wazungu walipewa viti sawasawa, kumi kwa kumi, ingawa Waafrika walikuwa mamilioni na Wazungu maelfu machache. TANU ilipinga hesabu hiyo.

Ni katika hewa hiyo, katikati ya miaka ya 1950, ambapo Frank na dada zake walitoa santuri iliyokuja kujulikana kwa jina la I am a Democrat. Wimbo ulizitaja Tanganyika na nchi jirani zilizokuwa chini ya Waingereza, ukaitaja demokrasia kwa jina, na ukaukataa ukomunisti.

Ujanja wa wimbo huo ulikuwa hapo. Wakoloni walikuwa na desturi ya kumwita mkomunisti kila aliyedai uhuru. Frank aliwaondolea kisingizio hicho mapema, kisha akadai kile kile ambacho Waingereza walijisifu nacho kwao. Kama demokrasia ni jambo jema London, msikilizaji aliachiwa mwenyewe ajiulize kwa nini liwe kosa Moshi.

Tena wimbo ulikuwa kwenye santuri. Mkutano wa hadhara ulihitaji kibali, na gazeti lilihitaji msomaji anayejua kusoma. Santuri haikuhitaji chochote zaidi ya gramafoni moja na watu waliokaa kuizunguka. Ilipopigwa sebuleni au kilabuni, hapakuwa na msemaji wa kukamatwa jukwaani, na ilipokwisha ingeweza kupigwa tena.

Kwa mujibu wa simulizi zilizohifadhiwa na mwanahistoria Mohamed Said, aliyeandika kwa kirefu juu ya wazalendo wa wakati wa kudai uhuru, serikali iliupiga marufuku wimbo huo. Askari walipita nyumba hadi nyumba mjini Moshi wakizisaka santuri hizo, na zilizopatikana zikavunjwa.

Kwa mtazamo wa leo jambo hilo linaweza kuonekana kama kichekesho, serikali nzima kupigana na sahani. Kwa mwenye santuri halikuwa kichekesho. Alikuwa ameinunua kwa fedha ya jasho lake, pengine kwa mauzo ya kahawa ya msimu, na sasa alitakiwa achague kati ya kuisalimisha na kuificha huku akijua kwamba jirani amekwisha kuisikia ikipigwa kwake.

Kuipiga tena baada ya hapo kulimaanisha kufunga dirisha. Wimbo uliokuwa wa starehe ya jioni ukawa siri.

Hata hivyo, hesabu ya serikali ilikuwa na kasoro. Sahani iliweza kuvunjwa, lakini waliokwisha kuusikia wimbo walikuwa wameushika kichwani. Na hata kati ya sahani zenyewe, zipo zilizopona, kwani wimbo huo haukupotea na unasikika mpaka leo.

Desemba 9, 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Usiku wa kuamkia siku hiyo Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge juu ya kilele cha Kilimanjaro, mlima ule ule ambao chini yake santuri za Frank zilikuwa zimesakwa miaka michache tu iliyotangulia.

Ushindi huo haukuleta neema kwa santuri za zamani. Katika miaka ya 1960 zilikuja sahani ndogo za plastiki zinazozunguka mara 45 kwa dakika, pamoja na redio za betri. Gramafoni za kuzungusha kwa mkono zikakosa sindano, na sahani za mizunguko 78 zikawa mzigo stoo. Nyingi zilipotea kwa joto, kwa vumbi na kwa mikono ya watoto. Kile ambacho askari hawakukimaliza, usahaulifu uliendelea nacho.

Frank aliishi muda mrefu kuliko santuri zake nyingi. Miaka yake ya mwisho aliishi Lushoto, katika Milima ya Usambara mkoani Tanga, mbali na mji uliompa jina. Alifariki dunia mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 80.

Kama sauti yake ipo bado, sehemu kubwa ya shukrani inawaendea wakusanyaji wa santuri, watu ambao mara nyingi huchekwa kwa kujaza nyumba zao sahani kuukuu. Mkusanyaji wa kweli hatosheki na kuusikia wimbo. Husoma karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya sahani, ambayo hutaja jina la mwimbaji, namba ya santuri na mara nyingi lugha, lakini aghalabu haitaji mwaka. Kwa kulinganisha namba hizo, sahani moja baada ya nyingine, hupangilia historia ambayo haikuandikwa mahali pengine.

Anajua pia kwamba sindano ya kawaida haifai kwa sahani za namna hii, kwa sababu mifereji yake ni mipana zaidi. Huisafisha sahani kwanza, huipiga mara chache, na ile mara anayoipiga huinakili ili wengine wasikie bila kuichosha.

Wakusanyaji wa namna hiyo duniani huthamini zaidi kile ambacho maduka makubwa hayakukiuza. Ulaya, Japani na Marekani wapo wanaosaka santuri za muziki wa kasi na kelele uitwao graindikoo, ambazo lebo ndogo hutoa kwa nakala chache na ambazo nyimbo zake nyingine huisha kwa sekunde. Afrika Mashariki iliingia katika orodha hiyo mwaka 2020, kundi la Duma la Nairobi lilipotoa albamu yake kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Muziki huo haufanani hata kidogo na gitaa la Frank. Kinachofanana ni bidii ya anayeutafuta, kwani kama hakuna atakayeihifadhi nakala aliyonayo, huenda isiwepo nyingine.

Kwa bidii hiyo nyimbo za Frank na Dada Zake zimerudi hata kwenye sahani mpya, baada ya lebo ya Mississippi Records ya Marekani kuzikusanya na kuzitoa upya katika karne hii. Wasikilizaji wa mbali wasiojua Kiswahili wala Kichagga wamezipokea sauti za ndugu watatu wa Kilimanjaro.

Habari hiyo inafurahisha na pia inauma. Inafurahisha kwa kuwa sauti imepona. Inauma kwa kuwa mtu wa Moshi anayetaka kumsikia Frank vizuri huenda akalazimika kuagiza santuri kutoka ng'ambo, ilhali nakala za kwanza ziliuzwa na kuvunjwa mitaani kwake.

Katika nyumba za wazee wa mlimani, juu ya dari na ndani ya masanduku ya mbao, bado zinaweza kuwapo sahani nyeusi nzito ambazo wajukuu wanaziona kama takataka. Kabla ya kuzitupa, ingefaa mtu azifute vumbi na asome kilichoandikwa katikati. Mojawapo inaweza kuwa ile iliyowaponyoka askari.